Roketi ya Kwenda na Kurudi

Siku Modest alipomwona Nanji muuza duka akilia kwa ajili ya roketi ya watu wengine, alijua kwamba njaa yake imekwisha.

Ilikuwa mwaka sabini na moja, kiangazi kikali, vumbi la Tabora likiingia mpaka kwenye chai. Watu kama kumi walikuwa wamekaa barazani kwa Nanji wakisikiliza redio. Mtangazaji akaeleza kuwa Wamarekani wamekwenda mwezini tena, na kwamba ile roketi yao ndefu kuliko jengo lolote la mji huu imeangukia baharini vipande vipande. Kitakachorudi ni kijichumba tu cha kukaa watu watatu.

"Imeangukia baharini?" Nanji akauliza. "Yote?"

"Yote," akajibu Mzee Humaidi, aliyekuwa ameegemea bakora yake.

"Ilikuwa mbovu?"

"Mpya kabisa. Wanaitumia mara moja, basi, wanaitupa."

Nanji akaketi juu ya gunia la chumvi, mkono kifuani. Huyu alikuwa mtu wa kunyoosha misumari iliyopinda. Kamba aliyoifungua kwenye mchele leo, kesho alifungia sukari. Bahasha aliyoletewa barua aliigeuza nje ndani akamjibu nayo aliyemwandikia. "Chuma chote kile!" akasema, na machozi yakamlengalenga. "Jamani, hata wangetuletea bati zake tu!"

Pembeni, juu ya kreti la soda tupu, Modest akashusha kikombe chake.

Nimweleze kidogo bwana huyu. Alikuwa na suti moja ya kaunda, kofia moja ya pama, na maneno ya kuwatosha watu arobaini. Alipenda kusema kwamba amesoma Kipalapala, seminari ya mapadre watarajiwa. Ukweli ni kwamba kwa miezi mitatu aliuza nyanya kwenye mlango wa jiko la hapo, na alichovuna ni maneno saba ya Kilatini na namna ya kukunja mikono tumboni anapotaka kudanganya. Sasa aliikunja.

"Ndugu Nanji, nikuulize. Treni ya Kigoma ikifika Kigoma, inatupwa ziwani?"

"Wee! Itupwe kwa nini?"

"Inafanyaje?"

"Inageuza."

"Haya! Inageuza, na kesho inakuchukua tena. Ndiyo maana hata muuza karanga anaimudu nauli. Mmarekani yeye kila safari anatupa treni nzima, kichwa na mabehewa. Utaiweza nauli hiyo? Lakini siku roketi itakapojua kugeuza, mwezini tutakwenda na vikapu vyetu kama tunavyokwenda gulioni Kigwa."

Na hapo ndipo ubaya wa Modest ulipokuwa. Msingi wa uongo wake ulikuwa kweli tupu, imara kama jiwe. Kuta tu ndizo zilikuwa za moshi.

"Lakini haipo roketi ya namna hiyo," akasema Mzee Humaidi.

Modest akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mzee wangu, shikamoo tena."

"Marahaba. Sema basi."

"Ipo. Na itaanzia Tabora."

*

Wiki haijaisha, Ushirika wa Safari za Angani, Kanda ya Magharibi, ulikuwa na wanachama kumi na wawili. Watu wa siku zile walishazoea vyama vya ushirika: cha tumbaku, cha asali, cha duka la kijiji. Cha mwezi hakikuwashangaza sana. Kilichowashangaza ni nauli, maana ilikuwa debe moja tu la asali, kwenda na kurudi.

"Mbona asali?" akauliza Bi Jasoda, mke wa Nanji, mwanamke asiyeamini hata mizani ya dukani kwake.

"Ndiyo mafuta yenyewe," akajibu Modest. "Mama, umewahi kumwona nyuki anakunywa petroli? Na anaruka au haruki?"

Bi Jasoda akakumbuka nyuki wote aliowahi kuwaona. Kweli hakuwahi.

Mzee Humaidi shida yake ilikuwa nyingine. Babu yake alikuja na misafara ya pwani, akajenga, akapanda miembe. Sasa serikali ilikuwa imetaifisha nyumba zake mbili za kupangisha na mzee hakuwa akilala vizuri. Alimvuta Modest pembeni.

"Huko mwezini, mwanangu, kuna kutaifisha?"

"Mzee, huko hata mwenyekiti wa tawi hakuna."

Debe la Mzee Humaidi lilifika jioni ile ile. Nanji naye alipoambiwa kuwa mwezi mzima hauna duka hata moja, alirudia maneno hayo mara tatu, taratibu, kama anayeonja halua. Kisha akatoa madebe mawili, kwa sharti kwamba asiambiwe mwenye duka mwingine yeyote.

Chombo kilikuwa tangi la maji la chuma, lililochoka tangu enzi za Mjerumani, refu kama watu wawili na nusu. Modest alilisimamisha kwenye uwanja wa zamani wa misafara, nje ya mji, njia ya Kigwa. Fundi alilipaka chokaa, akaliweka kofia ya bati iliyochongoka, akaandika ubavuni UJAMAA ANGANI. Mlango ulikuwa mmoja, na bolti yake ilikuwa nje.

"Mbona bolti iko nje?" Nanji akauliza.

"Nani amewahi kufunga jeneza, samahani, sanduku, kwa ndani?" akajibu Modest, na akaendelea haraka haraka na masharti. Safari itachukua saa sita. Abiria watakaa gizani kimya, macho wamefumba. Na ole wake atakayefungua mlango kabla ya wakati, kwa sababu hewa yote ya Tabora itafyonzwa kwenda mwezini, na kuku wake.

Mpango sasa umeshauona. Ijumaa saa saba mchana wanachama wote wangeingia ndani ya tangi. Modest angesukuma bolti, angesema Kilatini kidogo, na angekwenda zake stesheni kupanda treni ya Dar es Salaam ya saa kumi na madebe kumi na matatu ya asali. Kwa haki ya Mungu, roketi hiyo ilikuwa na uhakika wa kurudi kuliko zote zilizowahi kuundwa, maana haikuwa na nia ya kuondoka.

*

Asali ilihifadhiwa kwenye stoo ya mkahawa wa Bi Tufaha, mjane mwenye macho makali na sambusa laini. Modest alikuwa akila hapo tangu mwaka juzi. Alimpenda Bi Tufaha, na hilo sisemi kwa kejeli, alimpenda kweli. Alimwahidi kuwa wataondoka wote wawili, wafunge ndoa Dar, wafungue mkahawa Kariakoo. Bi Tufaha, aliyekuwa amechoka kupika peke yake na kulala peke yake, alimwamini. Alishaanza hata kuwagawia majirani sufuria zake.

Tatizo ni kwamba Modest aliipenda asali pia, na moyo wake ulikuwa mdogo.

"Wewe utaingia na wenzako," alimwambia Alhamisi asubuhi, "wasije wakashtuka. Kisha utatoka kwa mlango wa nyuma, unikute stesheni."

"Tiketi umekata ngapi?"

"Mbili, mpenzi. Tunakaa dirishani."

Bi Tufaha alimwandalia chai. Modest aliweka kofia yake ya pama mezani, akatoka kunawa mikono. Bi Tufaha akaiinua apanguse meza, akaona kitambaa cha ndani kimefumuka. Akakichungulia. Tiketi ilikuwamo. Ilikuwa moja.

Akairudisha. Modest alipokula akashiba na kwenda zake, Bi Tufaha alivaa baibui, akatembea mpaka uwanja wa misafara, akalizunguka lile tangi pole pole akilipapasa kwa mkono, kama anayemkagua ng'ombe wa kununua. Halikuwa na mlango wa nyuma. Akalia kidogo kwa uchungu na aibu, akajifuta kwa ncha ya baibui. Kisha akaenda nyumbani kwa Mzee Humaidi na sahani ya halua.

"Mzee, wewe ni mtu wa misafara. Nifundishe. Babu yako alipotoka hapa kwenda Ujiji, kirangozi wake alikaa wapi?"

"Kirangozi? Mbele, binti yangu! Kirangozi ndiye anayeijua njia. Anavaa joho jekundu, manyoya kichwani, anatangulia. Mpagazi akimpita hata hatua moja, anatozwa faini. Hiyo ndiyo Tabora!"

"Ahaa. Huyu wetu anasema atabaki nyuma, kufunga mlango."

Mzee Humaidi aliirudisha halua kwenye sahani.

*

Ijumaa uwanja ulijaa. Wanachama walikuja na vikapu, na Nanji alikuja na mizani. Wapiga ngoma nao walikuwapo, kwa sababu tangu zamani hakuna msafara uliotoka Tabora kimya kimya kama wezi. Modest alipanda juu ya jiwe akakunja mikono tumboni.

"Dominus vobiscum! Ndugu wanachama, ingieni mmoja mmoja."

Hakuna aliyetikisika. Mzee Humaidi akajitokeza, mkononi joho jekundu lililonuka karafuu na karne nzima ya kabati. Nyuma yake alikuja Bi Tufaha na kilemba cha manyoya ya mbuni.

"Kirangozi," akasema mzee, "tangulia."

"Mimi? Mzee wangu, hayo yalikuwa mambo ya wapagazi. Hii ni sayansi."

"Sayansi haina njia? Na njia haina anayeijua? Hapa hakuna msafara uliotoka na kirangozi akiwa nyuma. Mwenye kukaa nyuma ni mgonjwa au mwizi."

Watu wakaguna. Modest akashuka kwenye jiwe. "Lakini nikienda peke yangu, ninyi mtabaki!"

"Tatizo liko wapi?" akasema Nanji, uso umemng'aa. "Si inarudi? Nenda, rudi, halafu sisi tupande. Si ndiyo uzuri wake huo? Ingekuwa ya Mmarekani tungekuonea huruma."

Modest alimtazama Nanji, akatafuta jibu katika maneno yake yote ya watu arobaini. Hakulipata. Akapiga hesabu nyingine. Saa saba na nusu. Aingie, akae robo saa, atoke aseme mwezi ni mzuri, awafungie wao, awahi treni. Haina neno. Akavaa joho.

"Kofia nipe mimi," Bi Tufaha akasema kwa upole, akimvika manyoya. "Isije ikachafuka na moshi."

"Ahsante, mpenzi," akasema Modest, ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye lile joho lililomwasha. Bi Tufaha akaipokea kofia kwa mikono miwili, akarudi nyuma, na umati ukamfunika.

Modest akaingia. Bolti ikalia: kacha!

Ngoma zikapigwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mle ndani mlikuwa na joto la tanuri, na mwanga ulipenya kwenye tundu moja tu la bomba. Modest alihesabu robo saa kwa mapigo ya moyo wake, yaani ilikuwa dakika tano, akagonga chuma kwa ngumi.

"Mitambo imewaka!" Nanji akapiga kelele. Vigelegele vikazidi.

Akagonga tena, kwa miguu sasa. Watu wakarudi nyuma hatua kumi, wakaziba masikio. Mpaka wapiga ngoma walipochoka ndipo sauti yake ikasikika kwenye tundu.

"Fungueni!"

"Anaongea," Nanji akanong'ona. "Kutoka juu!"

"Mbona sauti iko karibu hivyo?" akauliza Bi Jasoda.

"Ni mitambo, mama. Ndugu Modest! Umefika?"

"Nimefika! Na nimerudi! Fungueni!"

"Hajarudi," akasema Mzee Humaidi. "Alisema saa sita. Hata robo haijafika. Anatupima kama tutaweza kushika masharti."

"Mzee Humaidi, nisikilize! Sijaondoka! Niko hapa hapa! Hili ni tangi la maji! Hakuna roketi, hakuna mwezi, nimewadanganya wote!"

Nilisema Modest alikuwa hodari wa kudanganya. Miaka kumi na mitano hakuna aliyemkatalia uongo wake. Siku ya kwanza aliposema kweli, na kweli tupu, kwa sauti ya juu, mbele ya mashahidi, Mzee Humaidi alimvuta Nanji kwa shati.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ameshaona ardhi."

"Ameiona nzuri. Sasa anataka tukate tamaa turudi nyumbani, abaki nayo peke yake."

Nanji akakimbia, akaweka mdomo kwenye tundu. "Ndugu Modest! Nakuonya! Usifungue duka!"

Saa zikaenda. Modest aliomba, alitukana, aliapa kwa watakatifu aliowakumbuka na wengine aliowatunga. Wao nje walitandika mikeka, wakala maandazi, wakagawana mwezi. Mzee Humaidi alichukua upande wenye mwanga, Nanji akachukua njia panda. Kila Modest alipopiga kelele kwamba ni tangi, walitazamana na kutikisa vichwa kwa masikitiko juu ya uchoyo wa binadamu.

Saa kumi kamili treni ikapiga honi.

Sauti ilitoka mjini, ikavuka mashamba, ikaingia kwenye tundu. Ikapiga tena. Modest aliinua mikono kama anayeweza kuishika. Aliyasikia mabehewa yakianza kuvutana, pole pole, halafu kwa haraka, mpaka yakapotea kabisa. Hapo alikaa chini kwenye kutu, manyoya yamemwangukia usoni, akalia. Na jambo lililomshangaza mwenyewe ni kwamba jina lililomtoka halikuwa la asali.

*

Saa moja na nusu jioni, kwa kufuata masharti, walifungua. Modest alitoka akiwa mwekundu wa kutu kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, akabebwa juu juu kwa shangwe. Kabla hajapewa hata maji, Silasi, hamali wa stesheni, akafika na baiskeli yake, akihema.

"Nani hapa ni nahodha?"

Wote wakamwonyesha.

"Nina salamu zako. Bi Tufaha ameondoka na treni ya saa kumi. Nimempakilia madebe kumi na matatu mimi mwenyewe. Alikaa dirishani, kavaa kofia ya pama."

"Amesema nini?" akauliza Modest. "Amesema atarudi lini?"

"Amesema usimngoje. Eti roketi yako ni ya kwenda na kurudi, lakini tiketi uliyokata ni ya kwenda tu."

Watu wakageuka, mmoja mmoja, wakalitazama tangi. Wakalitazama kama mtu anayeamka. Bi Jasoda akaenda akaligonga kwa pete yake: ngo, ngo. "Tangi," akasema.

"Ni tangi," akakiri Modest. "Nilipiga kelele mchana kutwa. Nifungeni. Nipelekeni polisi." Alisema kwa moyo wote. Hakuwa na pa kwenda, na hakuwa na wa kwenda naye.

Mzee Humaidi alinyanyua bakora. Nanji akaishika. Alikuwa akilizunguka tangi, akibonyeza bati zake na kujaribu bolti. Machozi yalikuwa yamemlengalenga tena, ila safari hii yalikuwa ya namna nyingine.

"Polisi? Mzee, tutupe vitu vizima? Angalia. Tangi zima. Bolti nzima. Kirangozi mzima. Hata manyoya yanafulika." Akamgeukia Modest. "Ile sauti ya mchana, ya kutoka juu, unaweza kuitoa tena?"

"Sauti gani?"

"Watu wa Kigwa hawajaisikia. Watu wa Ziba hawajasikia hata kwamba kuna roketi. Ukienda mwezini kesho, keshokutwa na mtondogoo, watakuja wenyewe kuzungumza nawe, mpaka madebe yetu yarudi."

"Kila mmoja atatoa debe?" akauliza Mzee Humaidi, bakora ikishuka.

"Debe! Nani ataliweza? Kibaba kimoja tu cha asali, mzee. Chombo kikirudi, nauli inakuwa nafuu. Mwenyewe alitufundisha."

Wanachama walipiga kura palepale, wakakubaliana bila kupingwa. Jumamosi asubuhi Modest alivikwa tena joho na manyoya. Uwanja ulikuwa umejaa wageni, kila mtu na kibakuli chake mkononi, wakinyoosha shingo kumwona mtu aliyekwenda akarudi. Aliingiza mguu mmoja ndani, akasita, akamtazama Nanji.

"Ndugu Nanji. Debe moja lina vibaba vingapi?"

"Vingi," akasema Nanji, na akasukuma bolti.